Kiswahili Chini ya Sauti ya Kifaransa: National Geographic na Kanda Zake



Kuko jambo moja juu ya National Geographic Channel lenye watu wengi hawalijui: chaneli ile haikuzaliwa Marekani. Shirika lenyewe, ndiyo, ni la Washington tangu mwaka 1888, na lile gazeti lake lenye ukingo wa njano ni la kule. Lakini chaneli ya televisheni ilianza kuonekana mwezi wa 9 mwaka 1997 huko Uingereza, fasi zingine za Ulaya, na Australia. Mwaka 1998 ikaingia Asia, ikachukua fasi ya chaneli ya NBC iliyokuwa inaonekana kule. Wamarekani wenyewe walingoja mpaka mwezi wa 1 mwaka 2001. Ni sawa na mutoto aliyezaliwa ugenini, akakomaa, akajua luga za watu, kisha njo akapelekwa kwa babu yake kusalimia.

Na haikuwa mara moja tu. Nat Geo Wild, ile ya wanyama peke yao, ilianzia Hong Kong mwaka 2006. Marekani iliiona mwaka 2010.

Mimi historia hii ilinishika juu inavunja wazo lenye tuko nalo wasomi wengi wa huku, kwamba chaneli kubwa inaanzia kwao, inashiba, kisha inatupia dunia masalio. Hapa dunia ilikuwa soko la kwanza. Sasa kama dunia ilikuwa soko la kwanza, swali linageuka: hiyo dunia waliikata vipande ginsi gani, na sisi tuliangukia kipande gani?

Kwanza, mbona walianzia inje? Juu kwao mulango ulikuwa umeshabanwa. Discovery Channel ilifunguliwa Marekani tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 1985, na wakati National Geographic inafikiri kuwa na chaneli yake, Discovery ilikuwa imeshakaa ndani ya nyumba za watu miaka zaidi ya 10. Televisheni ya kule ilikuwa inapita zaidi ndani ya kebo, na kebo ya wakati ule ilikuwa na nafasi za kuhesabu. National Geographic ilikuwa imezoea kuwa mupangaji: filamu zake zilipita CBS, kisha PBS, na kipindi chake cha Explorer kilianza mwaka 1985 ku Nickelodeon, chaneli ya watoto. Lakini Ulaya na Asia, satelaiti zilikuwa zinafungua nafasi mupya kila mwaka, na watu wa NBC na wa BSkyB walikuwa kule tayari, na mitambo yao na wateja wao. Wakaingia kwa mulango wa rafiki.

Lakini filamu zenyewe zilianza mbele sana ya chaneli, na hapo njo historia inafika ku mulango yetu. Filamu ya kwanza ya shirika hilo ku televisheni ya Marekani ilikuwa ya kupanda mulima Everest, mwezi wa 9 mwaka 1965. Miezi mitatu nyuma yake, mwezi wa 12, CBS ikaonyesha filamu ya Jane Goodall na sokomutu wa Gombe. Gombe iko ku ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kaskazini kidogo ya Kigoma. Wenye kutoka Fizi munanielewa: ni ile milima ya ng'ambo yenye tunaona siku hewa iko safi.

Tena kuko kitu kidogo ndani ya hiyo habari chenye mimi napenda kukumbusha. Goodall alifika Kigoma mwezi wa 7 mwaka 1960. Munajua mwezi huo ulikuwa mwezi gani kwetu: uhuru ulikuwa na siku chache tu, jeshi limeasi, Wabeleji wanakimbia. Kigoma ilikuwa imejaa wakimbizi waliovuka ziwa toka Congo. Kazi ya kwanza ya Goodall na mama yake pale haikuwa kufuata sokomutu, ilikuwa kusaidia kutengeneza mikate yenye nyama ya kopo kwa ajili ya wale Wabeleji.

Dian Fossey yeye alianzia kwetu kabisa. Mwezi wa 1 mwaka 1967 alijenga kambi yake Kabara, ndani ya Virunga, upande wa Congo, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mwezi wa 7 askari wakamushusha mulimani juu ya vita, akatoka inchini, na mwezi wa 9 akafungua Karisoke upande wa Rwanda. Kwa hiyo dunia nzima ikajifunza kusema "ngagi wa Rwanda". Mwezi wa 1 mwaka 1970 alikuwa ku uso wa gazeti la njano.

Sasa linganisheni na saa yetu. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1966. Sokomutu wa Tanganyika alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba za Wamarekani karibu mwaka mumoja mbele ya sisi kuwa na televisheni. Na ilipokuja, ilikuwa na kazi yake ingine: wazazi wetu bado wanakumbuka habari zikianza na uso wa Mobutu unashuka toka mawinguni. Ngagi hawakuwa na nafasi pale.

Turudi ku chaneli. Watu wanaposikia "matangazo ya kanda" wanafikiri ni jeografia: kanda ya Afrika, kanda ya Asia. Kazi haifanywi hivyo. Kanda ya televisheni inachorwa na vitu vitatu: luga, haki za kuonyesha zenye zimenunuliwa kwa inchi fulani, na mfuko wa mwenye kulipa abonema. Satelaiti yenyewe haijui mupaka. Inamwaga mawimbi juu ya misitu, juu ya maziwa, juu ya kila parabole yenye inaangalia upande wake. Njo kadi ya ndani ya dekoda inaamua nani aone.

Matokeo yake ni ramani ya ajabu. Kigoma na Baraka zinaangaliana juu ya maji. Soko zote mbili wanauza dagaa kwa Kiswahili, wanabishana kwa Kiswahili, wanatukanana kwa Kiswahili. Lakini ku ramani ya National Geographic, Kigoma kwa kawaida iko pamoja na Johannesburg, kwa Kiingereza, kupitia DStv. Baraka iko pamoja na Paris na Dakar, kwa Kifaransa, kupitia Canal+. (DStv nayo iko Congo, na watu wa Lubumbashi wanaijua vizuri, lakini ni Kiingereza ileile.) Toleo la Kifaransa lilifunguliwa Ufaransa mwaka 2001, kushindana na Planète, chaneli ya Wafaransa wenyewe iliyokuwa kazini tangu 1988. Yaani hata ile sauti ya Kifaransa yenye tunasikia haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilitengenezwa kwa mutu wa Lyon, sisi tukachota pembeni.

Hapa nataka nikae kidogo, juu njo penye mimi naona jambo lenyewe.

Filamu ya namna hii, ikitoka kwa wenye kuitengeneza, inakuwa na vipande vitatu vyenye vinaweza kutenganishwa. Kuko picha. Kuko sauti ya mazingira na muziki: mvua, ndege, ngoma, mutambo wa gari. Na kuko maneno: ya musimulizi, na ya watu wenye wanaongea ndani ya filamu. Kila kanda inachukua picha na mazingira vilevile, haigusi, kisha inapachika maneno yake. Mutu mumoja ao wawili ndani ya chumba kidogo, karatasi mbele yao, wanasoma. Signali moja ya satelaiti inaweza kubeba sauti kadhaa pamoja na picha moja. Ndiyo maana ku dekoda kuko batani ya kubadilisha luga.

Sasa chukua filamu yoyote iliyopigwa Virunga ao Kahuzi. Mulinzi wa parke anasimama mbele ya kamera. Anaongea luga gani? Mara nyingi ni Kiswahili. Munasikia: "Sisi tulifika hapa asubui..." na paf! Sauti ya Kifaransa inapanda juu yake. Kiswahili haijaondolewa, bado iko pale chini, inanong'ona. Ukisogeza sikio karibu na televisheni unaweza kukamata neno moja moja. Mimi nimefanya hivyo mara mingi, na siku ingine nilisikia mulinzi anasema "walikuja usiku, walikuwa wengi" wakati Kifaransa inasema paka "les braconniers". Walinzi wanasimulia, wasimulizi wanafupisha.

Mujomba wangu wa Baraka, muvuvi, alikuja Bukavu kwa matibabu akakaa kwetu wiki tatu. Jioni umeme ukiwepo tulikuwa tunaangalia wote. Siku moja ikapita filamu ya sokomutu wa Gombe. Mimi nikaanza kumutafsiria, na kwa kweli nilikuwa najisikia mutu wa maana, mwenye diploma, nafungulia muzee dunia. Nikasema, "Mujomba, wanasema sokomutu anachukua kijiti, anakitia ndani ya kichuguu, anakula muchwa." Akaniangalia. Akasema, "Mutoto wangu, hiyo ulisoma inivasite miaka mingapi?" Kisha yeye njo akaanza kunifasiria: majani gani wanakula wakiumwa na tumbo, majira gani wanashuka karibu na maji, na kwa nini babu yake alikatazwa kuwaua. Nusu ya mambo hayo hayakuwa ndani ya filamu. Nusu ingine ilikuwa, lakini ilikuja dakika kumi nyuma ya yeye kuisema.

Sisemi muzee anajua kuliko mwenye kufanya utafiti. Goodall alikaa kule miaka, aliandika kila siku, aliona mambo yenye hakuna mutu alikuwa ameandika. Ninachosema ni kwamba filamu ile ingekuwa na sauti ya Kiswahili, mujomba angekuwa mwenye kubishana nayo. Kwa Kifaransa alikuwa mwenye kuangalia picha tu, na mimi katikati nikijifanya mukubwa.

Na kuko mambo yenye hayana kicheko. Mwezi wa 7 mwaka 2007, ngagi wa Virunga waliuawa, na kati yao dume mukubwa Senkwekwe. Picha ya wanaume wakimubeba juu ya miti, sawa vile wanabeba mufu wa kijiji, ilizunguka dunia. Brent Stirton njo aliipiga. Mwaka 2008 gazeti la National Geographic likauliza nani aliwaua, na jibu lilipita ndani ya biashara ya makala. Makala! Ile yenye kila nyumba ya Goma inapikia. Habari hiyo ilimuhusu kuliko wote mama mwenye kununua gunia ya makala Birere, na ilisomwa na mutu wa Oslo. Vilevile Nyiragongo: mulima ulimwaga moto ndani ya Goma tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, gazeti likaandika habari ndefu juu yake mwezi wa 4 mwaka 2011, mulima ukarudia tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Ule usiku wa 2021 watu wa Goma walikuwa barabarani na magodoro ku kichwa, kila mumoja anauliza mwenzake moto unapita wapi.

Kuko wenye wataniambia: ndugu, Kiswahili haina soko, nani atalipa? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu mwaka 1997. Leo iko na matundu. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha mufululizo wa Kichina wa Mao Doudou na mama wakwe zake, wote umewekewa sauti ya Kiswahili. Ilipendwa sana, mpaka rais Xi Jinping akaitaja ndani ya hotuba yake Dar es Salaam mwezi wa 3 mwaka 2013. MultiChoice, wenye DStv, walifungua Maisha Magic kwa Kiswahili. Canal+ nao wako na Zacu TV kwa Kinyarwanda na Maboke TV kwa ajili ya Congo, penye Lingala inasikika. Kwa hiyo hesabu ilishafanywa, na wakubwa walikubali: Mwafrika analipa kwa luga yake. Lakini wanakubali hivyo kwa vichekesho, kwa mapenzi, kwa mama mukwe. Ikifika ku sayansi, volkeno, historia, wanaturudisha ku Kifaransa na Kiingereza. Kucheka unaweza kwa luga yako, kujua unajua kwa ya mugeni. Ugawaji huo hatukuulizwa, na kwa kusema kweli sisi wasomi tuko nao raha, juu unatupa kazi ya kuwa wakalimani wa jioni.

Sasa ile ramani yenyewe inavunjika. Mwaka 2015 kampuni ya Fox ilichukua asilimia 73 ya biashara ya National Geographic, chaneli na gazeti pamoja, kwa dola milioni 725. Mwezi wa 3 mwaka 2019 Disney ikanunua sehemu kubwa ya Fox, na ukingo wa njano ukaingia ndani ya nyumba ya Mickey. Disney iliona pesa ya kesho iko ku intaneti, ku Disney+, ikaanza kuzima chaneli za kanda. Mwaka 2023 National Geographic ikazimwa Asia ya Kusini-Mashariki. Fikirini: Asia, fasi yenye chaneli ilifika zaidi ya miaka miwili mbele ya Marekani. Mutoto wa ugenini anafungiwa nyumba kulekule ugenini. Ndani ya mwaka huohuo gazeti liliachisha kazi waandishi wake wa mwisho wenye mushahara wa kudumu.

Kwa Afrika, Disney+ ilifika Afrika Kusini mwezi wa 5 mwaka 2022. Kwetu huku, mwenye kununua megabayiti za mia tano franga asubui na kuzimaliza saa sita, kuangalia filamu ya saa moja ku simu ni anasa kuliko parabole. Wakizima chaneli ya satelaiti huku, hatutahamia ku intaneti. Tutabaki na vipande vya dakika mbili ku WhatsApp, bila jina la mutengenezaji, bila mwaka.

Na jambo lingine la karibu zaidi: mwezi wa 9 mwaka 2025 Canal+ ilishika usukani wa MultiChoice. Njia zetu mbili, ile ya Paris na ile ya Johannesburg, zimeingia ndani ya mukono mumoja. Sasa kampuni moja njo inashika njia zote mbili, ku Kigoma na ku Baraka pamoja, ku Mombasa na ku Lubumbashi. Kiswahili, yenye ilikuwa imekatwa kati ya hao wauzaji wawili, sasa iko chini ya mukono mumoja kwa hizo njia mbili. Sijui kama ku ofisi zao kuko mutu amechukua kalamu akajumlisha hiyo hesabu. Ningekuwa mimi ningeijumlisha.

Wakenya hawakungoja. Mwaka 2015 shirika la WildlifeDirect la Paula Kahumbu, pamoja na televisheni ya NTV, walianzisha NTV Wild: filamu za wanyama, zingine zilezile zenye dunia ilikuwa inaziona kwa kulipa, zikapita ku chaneli ya bure, yenye mutu anashika na antena ya kawaida. Kahumbu alikuwa amechoka kuona Wakenya hawajui filamu zilizopigwa kwao. Mwaka 2021 National Geographic yenyewe ikamupa cheo cha Mugunduzi wa Mwaka. Ugomvi wake ulikuwa juu ya bei na juu ya nani anasimama mbele ya kamera, luga ilikuja nyuma. Lakini alionyesha kwamba mwenye filamu akiombwa vizuri, anatoa.

Na kazi ya luga yenyewe ni ndogo kuliko tunavyofikiri. Maneno ya musimulizi ndani ya filamu ya saa moja ni kurasa chache. TFC zetu nyingi ziko na maneno zaidi, na tuliziandika wiki mbili za mwisho, usiku, na tochi. Watu wa kutafsiri wako. Wa kusoma kwa sauti nzuri wako, muende musikilize radio zetu. Chenye kinakosekana ni mutu wa kuandika barua kwa mwenye haki, kisha kubishana juu ya maneno.

Juu mabishano yatakuwepo. Tukipata siku moja ile filamu ya Gombe, musimulizi aseme "sokwe" ya Dar es Salaam ao "sokomutu" yetu? Aseme "sokwe mtu" kama ndani ya vitabu vya shule vya Tanzania? Ngagi abaki ngagi, ao awe "gorila"? Mujomba nilimuuliza kwa simu wiki iliyopita. Alisema wamuite sokomutu, lakini wakisema sokwe atasikia tu, ilimradi Kifaransa inyamaze kidogo. Wenye kusoma biologia na wenye kusoma luga, nangoja yenu.